KALUVU NA TUNDA LA MWATINI

Kandokando ya mito ya mchanga ya Machakos husimama mti ambao mgeni akiuona mara ya kwanza hudhani kwamba watu wa hapo wametundika mifuko yao matawini. Matunda yake ni marefu, ya rangi ya kijivu, nayo huning'inia kwa vikonyo virefu kama kamba. Moja laweza kufika urefu wa futi mbili na uzito wa kilo tano au zaidi, na mtu mwenye akili zake hachagui kivuli hicho kuwa mahali pa kulala. Wakamba huuita mti huo mwatini, Wakikuyu muratina, na Waswahili wa pwani mwegea au mvungunya. Wataalamu wa mimea wameuandika Kigelia africana.

Tunda hilo haliliwi. Likiwa bichi lina sumu, na mtu aliyelijaribu kwa ubishi huharisha mpaka akajuta. Hata hivyo, tangu zamani wazee wa Ukamba walipokutana kwa mahari, au kwa kumaliza ugomvi wa mpaka wa shamba, kinywaji kilichowekwa mbele yao kilitengenezwa kwa msaada wa tunda hilo. Kinywaji chenyewe ni kaluvu, pombe ya asali au ya maji ya miwa. Somo letu la juma hili ni kueleza kazi inayofanywa na tunda lisilolika ndani ya kinywaji kinachonyweka, na jinsi ya kukitengeneza kwa usafi.

Tena tuna sababu nyingine ya kuleta somo hili. Mwezi wa Juni mwaka 2005, katika Machakos hii hii, watu zaidi ya 40 walikufa baada ya kunywa pombe ya magendo, na wengine waliopona walipoteza macho yao. Tangu siku zile wako watu wengi wanaosema kwamba pombe ya kienyeji ndiyo iliyoua. Wengine husema kwamba pombe ya kienyeji haijapata kumdhuru mtu, na kwa hiyo hunywa chochote kilichotiwa ndani ya kibuyu. Makundi yote mawili yamekosea, nasi tutajaribu kuonyesha yamekosea wapi.

Ndani ya kibuyu

Asali ikiachwa peke yake haichachuki. Mtu aweza kuiweka mwaka mzima ndani ya mtungi uliofunikwa vizuri, akaikuta ni asali ile ile. Sababu yake ni kwamba katika kilo moja ya asali nzuri, karibu gramu 800 ni sukari, na maji ni machache sana, hayafiki gramu 200. Vijidudu vya hamira vikiangukia humo hukauka, kwani ile sukari nyingi huvuta maji yaliyomo ndani ya miili yao, kama chumvi inavyovuta maji ya samaki. Lakini mtu akiongeza maji, basi mambo hubadilika. Hamira huamka, hula sukari, na katika kula huko huigawa sehemu mbili: moja ni kileo, ya pili ni hewa ya ukaa. Hiyo hewa ndiyo tuionayo ikipanda juu kwa mapovu na sauti ya kuchemka, ingawa hakuna moto.

Watu wa kale waliona mapovu hayo wakadhani kwamba kuna roho ndani ya kibuyu, na si Wakamba peke yao. Hata huko Ulaya wataalamu walibishana juu ya jambo hili kwa muda mrefu, mpaka Mfaransa aitwaye Louis Pasteur, katika miaka ya 1850 na 1860, alipoonyesha kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe vyenye uhai, vidogo hata haviwezi kuonekana ila kwa darubini. Alionyesha vilevile kwamba kila aina ya kiumbe ina kazi yake: kimoja hufanya kileo, kingine huchachisha maziwa, kingine hugeuza divai kuwa siki.

Msomaji aweza kuithibitisha ile hewa ya ukaa mwenyewe nyumbani. Siku ya pili ya kuchachuka, afunue kibuyu kidogo na kuingiza kijiti cha kiberiti kinachowaka mdomoni mwake, juu kidogo ya povu. Moto utazimika mara moja kama uliopulizwa, kwa kuwa hewa hiyo hailishi moto. Pia haimlishi mwanadamu. Ndiyo maana haifai mtu kuinama na kutia kichwa chake ndani ya pipa kubwa la pombe inayochemka, hasa katika chumba kisicho na dirisha.

Sasa tunda la mwatini hufanya nini? Wengi hudhani kwamba linatia utamu au nguvu. Haliongezi sukari ya maana, wala kileo hakitoki kwake. Ukilipasua utaona kwamba ndani yake kuna nyuzinyuzi ngumu zilizosokotana kama dodoki la kuogea. Nyuzi hizo ni nyumba ya hamira. Tunda lililokwisha kutumika limebeba hamira hai katika kila tundu lake, na likitiwa katika maji ya asali, jeshi zima huingia kazini kwa wakati mmoja kabla wadudu wengine wabaya hawajapata nafasi. Mke wa nyumba anayetunza kidonge cha unga uliochachuka ili aumue maandazi ya kesho anafanya kazi hiyo hiyo. Wazee wetu hawakuwa na darubini, lakini walijua kuchagua hamira nzuri na kuitunza miaka mingi, na jambo hilo si dogo.

Kulitayarisha tunda

Hapa ndipo vijana wengi wanapoharibu kazi, kwa sababu wana haraka. Tunda bichi halitiwi katika kinywaji kamwe. Lichukuliwe lililokomaa, lililoanguka lenyewe au lililo karibu kuanguka. Limenywe ganda lake la nje, kisha lipasuliwe kwa urefu vipande viwili au vinne, mbegu ziondolewe, na vipande vianikwe juani mpaka vikauke kabisa. Vikiisha kukauka vitiwe katika sufuria ya maji na kuchemshwa kwa muda wa robo saa au zaidi. Maji yake yatakuwa machungu. Yamwagwe mbali na kuku na mbuzi. Wazee wengine huchemsha mara mbili, nami naona ni vema, maana uchungu ukibaki utaharibu kinywaji chote. Baada ya hapo vipande vianikwe tena mpaka vikauke.

Hata sasa havijawa tayari, kwa kuwa moto umeua kila kijidudu kilichokuwamo, na nyumba ni tupu. Vitiwe katika bakuli yenye maji kidogo ya miwa au ya asali iliyochanganywa na maji, pamoja na kipande kikuukuu kutoka kwa jirani au kikombe cha pombe nzuri ambayo bado ina povu. Bakuli ifunikwe na kuwekwa karibu na meko mahali pa vuguvugu kwa muda wa siku moja. Maji hayo ya kwanza yamwagwe, yasionjwe na mtu, na vipande vianikwe juani tena. Wengine hurudia jambo hilo mara ya pili na ya tatu, mpaka maji yanayotoka yawe na harufu ya kupendeza. Hapo sasa tunda limezaliwa, kama wasemavyo.

Mzee mmoja wa upande wa Mwala alinionyesha vipande vyake, vyeusi na vigumu kama kuni za jikoni. Nilipomwuliza vina umri gani, alicheka. "Mwanangu," akasema, "hivi nilivikuta kwa baba. Kipande kimoja kikivunjika, ninatia kipya katikati ya vikuukuu, nacho hujifunza kazi kwa wenzake." Nilipomweleza habari za hamira, alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniambia kwamba hiyo ndiyo habari aliyokwisha kunipa.

Kupika kaluvu

Neno kupika ni la desturi tu, kwa maana kaluvu haipikwi motoni. Kwa kibuyu cha lita 10 msomaji achukue asali kilo mbili. Asali ni nzito kuliko maji, kwa hiyo kilo mbili hazijazi hata lita moja na nusu. Achemshe maji lita nane na nusu, ayaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, yaani kidole kikae ndani bila kuungua wala kusikia baridi. Ndipo akoroge asali mpaka iyeyuke yote, achuje nta na nyuki waliokufa kwa kitambaa safi, na kumimina katika kibuyu. Vipande viwili au vitatu vya mwatini vitiwe mwisho. Akivitia katika maji ya moto ataua hamira, kisha atakaa siku tatu akingojea povu ambalo halitakuja, na huenda akamlaumu jirani kwa uchawi.

Kama ni miwa, hupasuliwa, hupondwa katika kinu na kukamuliwa. Siku hizi wengi hutumia mashine. Maji ya miwa hayahitaji kuongezwa maji mengi, lakini yataka haraka, kwani huanza kuharibika saa chache baada ya kukamuliwa.

Kibuyu huwekwa mahali pa joto karibu na meko, nacho kifunikwe kwa kitambaa au kwa jani la mgomba, kisizibwe kabisa. Hewa ya ukaa lazima ipate njia. Mwandishi wa somo hili, alipokuwa kijana, aliona ni ujanja kutia kinywaji kinachochemka katika chupa ya kioo na kukaza kizibo kwa waya. Chupa ilipasuka usiku, na vipande vya kioo vilikutwa ukutani upande wa pili wa chumba. Ingalipasuka wakati wa chakula, huenda mwandishi huyu asingekuwa na macho ya kuandikia.

Siku ya kwanza kutakuwa na povu kidogo na utamu mwingi. Siku ya pili sauti huongezeka. Kati ya siku ya pili na ya nne, kwa kadiri ya joto, utamu hupungua na ukali huongezeka, na hapo mwenye kuijua kazi huonja kila asubuhi kwa kijiko kilichochemshwa. Vipande vikiisha kutolewa, kinywaji huchujwa na kunywewa siku hiyo au ya pili yake. Kaluvu si kitu cha kuwekwa akiba.

Yafaa sasa tupige hesabu, maana hapa wengi hudanganyika kwa sababu ya utamu. Katika kilo mbili za asali mna sukari kilo moja na gramu 600. Sukari ikichachuka yote, nusu yake kwa uzito huwa kileo, yaani gramu 800, ambazo ni karibu lita moja ya kileo kitupu. Lita moja ndani ya lita 10 ni sehemu 10 katika 100. Bia ya chupa inayouzwa madukani Kenya huwa na sehemu nne au tano tu. Kwa hiyo kaluvu iliyoachwa mpaka mwisho ina nguvu kama mara mbili ya bia, nayo hunywewa katika pembe au kikombe kikubwa kana kwamba ni maziwa. Ile inayonywewa mapema, ikiwa bado tamu, ina nguvu ndogo zaidi. Wazee walijua hayo bila hesabu: zamani vijana hawakuruhusiwa kabisa kunywa, na mzee alipelekewa kikombe chake akiwa ameketi, mbele ya watu wanaomfahamu. Mama mjamzito asiionje, wala mtoto asipewe hata povu la kulamba.

Jambo lingine la kushika katika hesabu ni kwamba hamira ina mpaka wake. Kileo kikifika kama sehemu 15 katika 100, yenyewe hulewa na kufa, na kazi husimama. Kinywaji kinachounguza koo kwa ukali uliopita kiasi hicho hakikutoka kibuyuni peke yake. Kimekenekwa motoni, au kimechanganywa na kitu.

Sumu hutoka wapi

Kilichoua watu wa Machakos mwaka 2005 ni methanoli. Mwaka 2000, mwezi wa Novemba, kitu hicho hicho kiliua watu zaidi ya 120 katika mitaa ya maskini ya Nairobi, na mwezi wa Mei mwaka 2014 kiliua tena watu zaidi ya 80 katika Embu, Kiambu, Kitui, Makueni na kwingineko. Methanoli ni spiriti ya viwandani. Hutumika kuyeyusha rangi na kutengeneza dawa za viwanda. Kwa macho ni maji safi, na kwa harufu na ladha yafanana sana na kileo cha kawaida. Bei yake ni ndogo kuliko kazi ya kuchachusha na kukeneka, na hiyo ndiyo sababu ya mfanyabiashara mwovu kuitia katika madumu yake.

Je, kaluvu inaweza kufanya methanoli yenyewe? Matunda yote yana utomvu fulani unaogandisha jamu, na katika kuchachuka utomvu huo hutoa methanoli kidogo mno, kiasi ambacho mwili wakishinda bila taabu. Mtu aliyetengeneza kinywaji chake kwa asali, maji na vipande vilivyosafishwa hawezi kufa kwa methanoli. Hatari huingia pale ambapo kinywaji kimetoka kwa mtu asiyejulikana, kimebebwa usiku katika madumu, na kimeongezwa nguvu na mikono mitatu au minne kabla ya kufika mezani. Kwa maneno mengine, kibuyu hakikuua mtu, bali kilitumiwa kuwa pazia.

Mililita 10 za methanoli tupu, yaani vijiko viwili vya chai, zaweza kumpofusha mtu. Mililita 30 zaweza kumwua. Ndani ya ini hugeuzwa kuwa tindikali ile ile iliyo katika sumu ya chungu wanaouma, nayo hushambulia mshipa wa fahamu unaotoka jichoni kwenda katika ubongo. Ubaya wake mkubwa ni kwamba haina haraka. Mtu hunywa jioni, hulewa kama kawaida, hulala, na huamka akidhani ana uchovu wa pombe tu. Baada ya saa 12 au 24 huanza kuumwa kichwa na tumbo, hutapika, hupumua kwa nguvu, na kuona ukungu mweupe mbele ya macho. Wengine huuliza kwa nini taa imezimwa, hali ni mchana.

Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali wakati huo huo, hata kama dalili ni hafifu, na wote aliokunywa nao watafutwe na kupelekwa pamoja naye. Waliomleta waseme wazi alikunywa nini na wapi, wala wasione haya wala kuogopa polisi, na kama kimebaki kidogo katika chupa wakichukue. Waganga wana dawa za kuizuia methanoli isigeuke tindikali, na mashine ya kusafisha damu, lakini dawa hizo zina faida zikiwahi. Mishipa ya macho iliyokwisha kufa hairudishwi. Si maziwa, si mkaa, wala si kikombe kingine cha pombe nyumbani kitakachofanya kazi ya hospitali.

Watu wengine wana majaribio yao. Huwasha kinywaji kwa kiberiti, na moto ukiwa wa buluu husema ni kizuri. Methanoli nayo huwaka kwa moto wa buluu. Wengine humpa mbwa kwanza. Tumekwisha kuona kwamba sumu hungoja nusu siku au zaidi, na mbwa atakuwa bado anatikisa mkia wakati bwana wake anamaliza kikombe cha tatu.

Vyombo pia vina sumu yao. Kinywaji kilichochachuka kina ukali wa tindikali, nao hula bati lililopakwa zinki, hula shaba, na hunyonya mabaki yaliyomo ndani ya plastiki. Dumu lililokuwa na dawa ya kunyunyizia mikahawa halioshwi likawa safi, hata likisuguliwa kwa mchanga mwezi mzima. Kibuyu, chungu cha udongo, pipa la mti, au chombo cha chuma kisichoshika kutu ndivyo vyombo vinavyofaa. Vioshwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, midomo ikitazama chini.

Sheria

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 iliondoa sheria ya zamani iliyopiga marufuku chang'aa, ikaweka vileo vyote chini ya kanuni moja. Chini ya sheria hiyo, kutengeneza kileo na kukiuza kunataka leseni, na mtu aliye chini ya miaka 18 hauziwi. Kazi ya kutoa leseni iko mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo mtu anayetaka kaluvu kwa ajili ya arusi au mahari asimwage asali ndani ya kibuyu kabla ya kwenda kwa naibu wa chifu wake na kuuliza kanuni za mahali pake. Safari ya asubuhi moja ni rahisi kuliko faini. Kukeneka nyumbani ni jambo jingine kabisa, na hatulifundishi hapa.

Twajua kwamba wapo mama wengi waliosomesha watoto wao kwa fedha za pombe, nao watauliza wafanye nini. Swali lao ni la haki, na hatuna jibu la kuwatosheleza wote. Lakini kuna kazi moja iliyo karibu sana na hiyo, ambayo haijulikani vya kutosha, nayo ni siki.

Kila mwaka, tangu Desemba hata Machi, maembe huiva Machakos na Makueni kwa wingi hata bei huanguka, na mengine huozea chini ya miembe. Chukua maembe yaliyoiva sana, yasiyo na uozo wala funza, uyamenye, uyaponde, uongeze maji yaliyochemshwa yaliyopoa kiasi cha nusu ya rojo, na hamira ya mkate nusu kijiko cha chai kwa lita tano. Yachachuke siku tano au sita kwa namna ile ile tuliyoieleza, kisha yachujwe vizuri kwa kitambaa. Mpaka hapo ni pombe hafifu. Sasa kitiwe katika chungu chenye mdomo mpana, kisijazwe zaidi ya nusu, na juu yake kifungwe kitambaa chepesi cha kuzuia nzi wadogo lakini kinachopitisha hewa. Ukitia kikombe cha siki hai isiyochemshwa, kazi itakwenda upesi. Vijidudu vingine, vile Pasteur alivyovieleza, huchukua kileo pamoja na hewa na kukigeuza kuwa siki. Utando laini wa kijivu utaonekana juu. Usiutoe, maana ndio wafanyakazi wenyewe. Baada ya juma nne au sita onja. Ukali wa pombe ukiisha na ukali wa siki ukijaa, ichujwe, ipashwe moto bila kuchemka, na kutiwa katika chupa zilizochemshwa, zijae mpaka shingoni.

Siki hiyo hutengeneza achari ya maembe mabichi na pilipili, na maembe mabichi huanguka yenyewe kila upepo unapovuma. Kwa kuiuza dukani utatakiwa kutimiza kanuni za viwango na za afya, lakini kwa jikoni mwako hakuna atakayekuuliza. Jambo hilo hilo la hewa laeleza kwa nini kaluvu iliyoachwa wazi juma zima huwa kali na isiyonyweka. Haikurogwa, imegeuka siki.

Tumalizie na vile vipande vya mwatini. Vikitolewa kibuyuni visuuzwe kwa maji safi yaliyopoa, visisuguliwe wala kutiwa sabuni, kisha vianikwe juani siku mbili au tatu mpaka viwe vigumu. Vikikunjwa vikiwa na unyevu vitaota ukungu wa kijani au mweusi, na kipande cha namna hiyo kitupwe motoni, kisihurumiwe. Vilivyokauka vitiwe katika kikapu au kibuyu kikavu na kutundikwa juu ya meko, mahali panapofika moshi lakini pasipofika panya.